Injini ya mbao iliyookoa Land Rover ya mjomba

Makanga wa basi pale Kibwezi aliutazama mzigo wangu kwa wasiwasi, akaniuliza kama ndani mna nyuki. Simlaumu. Ukanda ule wa Makueni na Kitui unajulikana kwa asali, na kitu nilichobeba kilikuwa cha mbao, kirefu kiasi cha mzinga, kimefungwa kamba za katani. Nikamwambia ni injini. Akacheka hadi abiria wakageuka, kisha akanitoza mia mbili za mzigo.

Haikuwa uongo. Ilikuwa injini, ila haina pistoni, haina oili, na mtu mmoja anaibeba begani. Kazi yake ni moja tu: kukaa ndani ya gari badala ya injini ya kweli wakati fundi anapima. Huko Marekani kuna kampuni zinazouza vitu kama hivi vimetengenezwa kwa povu gumu au plastiki, vyenye umbo na matundu sawa na injini halisi, kwa ajili ya watu wanaopachika injini ya gari moja ndani ya jingine. Kwetu hakuna duka la kuviuza, lakini haja tunayo. Injini kuukuu za Japani zinashuka kila leo bandarini Mombasa, na nyingi huishia katika magari ambayo hayakuzaliwa nazo. Nataka kueleza jinsi tulivyotengeneza yetu, na kwa nini. Lakini lazima nianze na hasara.

Mama yangu ni mtu wa Kibwezi, mimi nimekulia Changamwe. Kaka yake, mjomba wangu, ana Land Rover Series III, ile ya chesisi ndefu ya inchi 109. Anaitumia kubeba mapipa ya maji na bidhaa za maduka kutoka Mutomo kwenda vijiji vya upande wa Mutha, Kitui Kusini. Wakati wa kiangazi gari hilo si biashara tu. Likikosa kufika siku tatu, kuna nyumba ambazo mama atatembea na punda kutwa nzima kutafuta maji.

Injini yake ya asili ilikuwa ya petroli, sisi 2286, na ilikunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka Mutha kwa miguu. Mjomba akaamua kuweka dizeli ya Toyota, 3L ya sisi 2779, iliyotoka kwenye Hiace. Akalipeleka gari kwenye gereji moja, sitaitaja. Mafundi wakafunga winchi ya minyororo kwenye tawi la mti, wakaishusha injini, wakatazama kwa jicho, wakaipandisha, wakakata kidogo, wakaishusha tena. Mara ya tatu mikono ilikuwa imechoka na jua limekaribia kuzama. Wakachomelea vishikilio pale pale ilipokuwa ikining'inia. Gari likawaka, likatoka, na kwa wiki mbili mjomba alikuwa akinipigia simu kunisomea hesabu ya mafuta aliyookoa.

Wiki ya tatu, akiwa amebeba mapipa, aliingia kwenye mto wa mchanga kwa kasi kidogo. Gurudumu likadumbukia, ekseli ya mbele ikaruka juu, na tumbo lake likaigonga sampu. Sampu ikapasuka. Waya wa taa ya oili ulikuwa haujaunganishwa, basi naye akapanda kilima kizima bila kujua kwamba anaendesha injini kavu. Ilikwama juu kabisa, karibu na mbuyu. Gari lilikaa pale siku nne na halikufanya kazi tena kwa miezi mitatu.

Nilipokwenda kulitazama nilidhani nitakuta ujinga wa wazi. Haukuwepo. Mafundi wale waliacha nafasi nzuri kati ya sampu na ekseli, hata mkono ulipita. Kosa lilikuwa kwingine, na ndilo linalofaa kueleweka na kila mtu anayetaka kubadilisha injini. Walipopima, injini ilikuwa bado inaning'inia. Uzito wake ulikuwa juu ya tawi la mti, si juu ya springi. Gari lisilo na injini husimama juu, na ekseli inakuwa mbali na chesisi. Ukifungua winchi, springi zinakaa chini. Ukipakia mapipa, zinashuka zaidi. Ukiingia shimoni, nafasi uliyoipima kwa mkono imebaki ya kidole, au haipo.

Na kwa nini walipima mara tatu tu? Kwa sababu ya uzito. Dizeli ya chuma cha kusubu inawatoa jasho watu wanne hata ikiwa kwenye minyororo. Kila ukiishusha unahatarisha vidole vya mtu, kioo, rejeta, au mti wenyewe. Kwa hiyo fundi, hata awe mwaminifu namna gani, huanza kuikubali nafasi iliyopo badala ya kutafuta nafasi inayofaa. Chepesi unakijaribu mara ishirini; kizito unakijaribu mara tatu na kuomba dua.

Mara ya pili tulifanya kazi wenyewe, nyumbani kwa mjomba nje ya Kibwezi, pamoja na fundi mmoja wa Emali na mzee mchongaji. Huyu mzee alifanya kazi miaka mingi kwenye ushirika wa wachongaji wa Kikamba pale Changamwe, ule ulioanzishwa 1963, ambao wengi wetu tumepeleka wageni kununua twiga. Nilipomweleza ninachotaka alinyamaza, akauliza, "Mwanangu, hiyo injini iko wapi niione? Mimi hata simba nilimchonga nikiwa na picha."

Ilikuwepo. Ile 3L iliyokwama ndiyo ikawa kielelezo chetu. Iliharibika ndani, lakini umbo lake lilikuwa zima.

Tulianza na uso wa nyuma, pale injini inapokutana na giaboksi, kwa sababu hapo ndipo pasipotaka makosa. Tuliweka karatasi ngumu, tukapiga-piga kingo kwa nyundo ndogo hadi alama za matundu zikatokea, tukahamishia kwenye plaiwudi nene, tukatoboa. Yale matundu mawili yenye pini za kuelekeza tuliyatoboa mwisho, kwa uangalifu kuliko yote. Uso huo ukikosea kwa milimita tano, kila kitu mbele yake kitakosea pia.

Pale vishikilio vya injini vinapofungwa ubavuni, kulia na kushoto, tuliweka vipande vya chuma chembamba vyenye matundu halisi, vikafungwa kwenye mbao kwa boliti. Sampu tulichukua ile ile iliyopasuka. Ni bati tu, nyepesi, na hakuna mchongaji atakayeiga sampu vizuri kuliko sampu yenyewe. Puli ya mbele na feni nazo zilikuwa za kweli. Sehemu nyingine zote, yaani kichwa cha injini, manifoldi, altaneta na chujio la oili, mzee alizichonga kwa mbao za saiprasi na lile povu jeupe linalokuja na televisheni mpya. Hapo hatukuhangaika na urembo. Sharti lilikuwa moja: isiwe ndogo kuliko ya kweli hata mahali pamoja. Ikizidi kidogo, utapoteza nafasi kidogo. Ikipungua, utakuja kugundua siku boneti inapokataa kufunga.

Ilipokamilika tuliipeleka kwenye mizani ya duka la nafaka. Kilo 14. Mjomba aliinyanyua mwenyewe, akaangua kicheko, akaiita mjukuu wake.

Lakini hapa kuna mtego, na tungeweza kurudia kosa la mwanzo kwa njia mbaya zaidi. Injini ya mbao haina uzito kabisa. Ukiiweka ndani ya gari na kuanza kupima, springi zinasimama juu kuliko hata siku ile ya winchi. Dawa yake ni rahisi. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una kilo 20 za maji. Tulifunga mbao mbili juu ya chesisi pande zote za injini, tukapanga mitungi 12. Hizo ni kilo 240, mahali pale pale ambapo uzito wa injini ungekuwepo. Nyuma tukaweka mapipa kama siku ya kazi. Majirani waliokuja kuomba maji waliambiwa wasubiri, maji yanapimisha gari.

Ndipo tukapiga jeki chini ya ekseli ya mbele, upande mmoja kisha mwingine, hadi ikagusa zile raba za kuizuia zilizo chini ya chesisi. Vijana wanne walikalia mabawa ya gari, kwa sababu bila uzito wa kutosha ukipiga jeki ekseli unainua gari zima badala ya kukunja springi. Sampu ilikuwa imeikalia ekseli kabisa. Kwa hiyo ule mpasuko wa kule mtoni haukuwa bahati mbaya. Ungetokea tu, siku yoyote.

Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuinua injini na giaboksi pamoja. Tuliweka vibao vya sentimita mbili chini ya vishikilio na kujaribu. Sampu ikapona, lakini kichwa cha injini kikakaribia boneti mno, na mkia wa giaboksi nao ukabadilisha mwinamo wa propela. Propela ina viungo vya msalaba viwili, na vinataka pembe ya mbele na ya nyuma zifanane, la sivyo gari linatetemeka kwenye mwendo na viungo vinakufa mapema. Kwenye Land Rover ya kwenda juu na chini kama ile, sikutaka kucheza na pembe. Tukaacha.

Ya pili ilikuwa kukata sampu yenyewe, kutoa sehemu ya kina iliyo juu ya ekseli, na kuongeza upana mahali pengine ili ujazo wa oili usipungue. Hii ina sharti ambalo fundi wa Emali alilisisitiza zaidi ya mara moja: bomba la kunyonya oili lazima lihame pamoja na kina. Ukihamisha shimo la oili ukaacha bomba lilipokuwa, injini itakunywa hewa. Hiyo ndiyo njia tuliyoichukua. Tangu asubuhi hadi adhuhuri tulikuwa tumeingiza na kutoa ile injini ya mbao mara tisa. Hakuna aliyeumia kidole. Hakuna kilichokatwa kwenye chesisi hadi mara ya tisa.

Mambo mengine yalijitokeza yenyewe. Manifoldi ya ekzosi ilikuwa karibu na bomba la breki, tukalihamisha bomba. Feni ilibaki na nafasi ya inchi moja hadi rejeta, nayo inatosha, maana injini hutikisika kwenye raba zake ukikanyaga mafuta. Chujio la oili lilikuwa haliwezi kufunguliwa bila kutoa gurudumu. Hilo tuliliacha, mjomba analalamika kila anapomwaga oili.

Tahadhari moja kwa atakayejaribu: chukueni vipimo, tieni alama, kisha toeni injini ya mbao kabla ya kuchomelea. Povu lile likishika cheche linawaka haraka na moshi wake ni sumu. Vishikilio vishikizwe kwanza kwa nukta chache, injini ya kweli iwekwe, ikae na uzito wake kwenye raba, ipimwe tena, ndipo vichomelewe kabisa. Raba hukaa chini kidogo ikibeba chuma, na mbao haiwezi kukuonyesha hilo. Wala haitakuonyesha joto, au waya wa taa ya oili. Wetu tuliuunganisha kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna upande wa karatasi pia, ambao mafundi wengi hawakuambii. Namba ya injini imeandikwa kwenye kitabu cha umiliki wa gari. Ukibadilisha injini, gari linafaa kukaguliwa na maelezo yabadilishwe NTSA, na utatakiwa kuonyesha ulivyoipata hiyo injini. Chukua risiti na hati za kuingizwa nchini siku unayonunua, si siku polisi anapofungua boneti. Na bima ikikuta namba mbili tofauti baada ya ajali, sitaki kuwa karibu nawe. Hata ganda la injini iliyokufa, kama letu, lina namba yake. Ukiliuza, liuzie mwenye leseni, maana sheria ya vyuma chakavu ya 2015 inamtaka awe nayo, nawe ubaki na maandishi ya nani amelichukua.

Mjomba alirudi barabarani mwishoni mwa kiangazi. Katika safari ya kwanza alinilazimisha nikae naye mbele, tukaupita mto ule ule wa mchanga, taratibu, kisha akarudi nyuma na kuupita tena kwa kasi ili asikilize. Aliposhuka alilala chini ya gari na tochi mchana kweupe. Sampu ilikuwa kavu.

Injini ya mbao yenyewe nilikuja nayo Changamwe, ndipo makanga akanitoza zile mia mbili. Sasa haipo kwangu. Fundi wa Voi aliiazima kwa wiki moja, ana Land Rover inayongoja 3L. Wiki imekuwa miezi miwili, na mara ya mwisho nilipompigia alisema ameiazima mwenzake wa Taveta.