Fahamu: Kiyoyozi cha paani kinachopima hewa

Ni nini?
Ni mtambo mmoja unaokaa juu ya paa na kupoza jengo zima la ofisi. Hewa hupita kwenye njia za bati. Kila chumba kina kibati kinachofunguka au kujibana kulingana na joto lake.

Kipya ni kipi?
Hasa feni. Siku hizi hubadili kasi, na ikipunguzwa hadi nusu, umeme wake hushuka hadi takriban moja ya nane.

Na Tabora?
Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku hupoa. Alfajiri mtambo unaweza kuvuta hewa ya nje, kompresa ikiwa imezimwa. Tembe la Kwihara, karibu na mji, alikokaa mpelelezi Livingstone mwaka 1872, halikuhitaji feni: kuta nene za udongo huchelewesha joto.