Jiwe la kwetu ndani ya mchezo wa watoto



Kwa shirika letu watu wananijua kama kijana wa mashini. Redio ikinyamaza, wananiita. Telefone ikianguka ndani ya maji ya Ruzizi, ni kwangu inaletwa, na mwenyewe anangojea mwujiza. Basi, kila dominika kisha misa wazazi hawakosi maulizo. Mchezo wa tele ni dhambi? Filme zinaharibu watoto? Mukristu anaweza kushika telefone iliyotengenezwa na koltani ya damu? Mama mmoja aliniambia: "Huyu mutoto wangu haskie tena, iko tu ku mchezo. Wee mwenye kujua zile vitu, semesha ye." Kijana wake naye akanivuta kando: "Yaya, ambia mama hakuna mubaya." Padri anajibu kwa namna ya padri. Mimi nitajibu kwa namna ya fundi.

KILICHO NDANI YA SANDUKU

Tuanze na kufungua mashini. Ukiondoa vijiti vya parafujo na kuangalia kadi ya ndani, utaona visanduku vidogo vya rangi ya manjano au nyeusi, vyenye mstari upande mmoja. Hizo ni kondensateri za tantali. Kazi yao ni kushika umeme kidogo na kuutoa kwa wakati wake, ili mashini isishtuke. Mstari ule unaonyesha upande wa chanya. (Mafundi vijana, shikeni hilo! Kwa kondensateri za aluminiumu mstari ni upande wa hasi. Ukizigeuza zile za tantali, zinapasuka na kuwaka moto usoni.)

Tantali hiyo inatoka katika koltani, jiwe jeusi na zito ambalo wasomaji wetu wa Numbi, Shabunda na Mwenga hawahitaji kuelezwa. Kiwandani wanaitoa ndani ya jiwe, wanaifanya unga laini, wanaukaza kama kidonge cha dawa, halafu wanaufunika kwa ngozi nyembamba sana ya oksidi. Kwa kuwa unga una punje nyingi, kidonge kimoja kidogo kinashika umeme mwingi. Tena tantali ni ngumu mbele ya moto: haiyeyuki mpaka joto lipite digrii 3,000. Ndiyo maana telefone iliweza kuwa ndogo na kuingia mfukoni.

Wazee wa hapa wanakumbuka mwaka 2000. Sony, kampuni ya Japani, ilitoa mashini ya michezo iitwayo PlayStation 2, Japani tarehe 4 mwezi wa tatu, Marekani tarehe 26 mwezi wa kumi. Huko Marekani waliahidi mashini milioni moja kwa siku ya kwanza, wakaleta nusu tu, kwa sababu vipande vilikosa. Mwaka uleule bei ya koltani ikapanda karibu mara kumi. Hapa kwetu wakulima waliacha mashamba, waalimu waliacha darasa, watoto waliacha masomo, wote wakaenda kuchimba. Ndege ndogo zilipanda na kushuka kama nzige. Waasi wa RCD, waliokuwa wanatawala Bukavu, waliipa kampuni moja, SOMIGL, ruhusa ya kuuza koltani yote inje peke yake, mwezi wa kumi na moja 2000. Ndani ya pori la Kahuzi-Biega wachimbaji na askari walikula nyama ya porini mpaka tembo wa upande wa mlimani wakakaribia kwisha, na sokwe wakubwa wa upande huo wakapungua karibu nusu. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Wengi walirudi nyumbani na madeni, na shamba lilikuwa limejaa majani.

Magazeti ya Ulaya yalipenda kusema kwamba mchezo wa watoto ndio ulioleta vita Kongo. Mimi sikubali. Vita vile vilianza mwaka 1998, na mashini ile ilikuwa haijatoka. Telefone za mkono na ordinatere ndizo zilizokula tantali nyingi, na wanunuzi wakubwa walijaza magodauni yao wakiogopa bei ya kesho. Mchezo ulikuwa mmoja kati ya wengi mezani. Lakini hata aliyekula tonge moja, alikula.

TUTUPE TELEFONE?

Hapa vijana wa kikundi cha sala wananikasirikia, kwa kuwa wao wanataka jibu la ndiyo au hapana. Mimi nawaambia waulize watu wa Nyabibwe. Mwezi wa saba 2010 Marekani ilitoa sheria ambayo sisi wote tunaiita "loi Obama." Iliagiza makampuni makubwa kusema wazi kama tini, tantali, wolframu na zahabu yao inatoka Kongo au kwa majirani. Nia ilikuwa nzuri. Lakini wanunuzi wengi waliona ni mateso bure, wakakimbia. Tena mwezi wa tisa mwaka uleule Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Nani alilia? Mwenye bunduki alihamia kwenye zahabu, maana zahabu inafichwa ndani ya soksi. Aliyelia ni mchimbaji mwenye watoto sita na mama muuza sombe pale karibu na shimo.

Dokta Denis Mukwege, mtoto wa Bukavu na mtoto wa pasta, alipopokea zawadi ya Nobel kule Oslo tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili 2018, alizungumza juu ya telefone hizi mbele ya wafalme. Hakuwaambia wazitupe. Aliwaomba wanunuzi wafikiri gharama ya watu iliyo ndani yake, na wadai vitu vitengenezwe kwa kuheshimu utu. Yeye anaijua gharama hiyo kuliko mimi, maana tangu 1999 hospitali ya Panzi inawapokea wanawake walioharibiwa na vita.

Na jambo linawezekana, ingawa kidogo kidogo. Kuanzia mwezi wa kumi 2012, kasiterite ya Kalimbi, huko Nyabibwe, ilianza kutiwa alama za plastiki kwenye gunia, ili ijulikane imetoka shimo gani. Telefone ya kwanza ya Fairphone, ya Waholanzi, iliyotoka 2013, ilitumia tini ya Kivu ya Kusini na tantali ya Katanga. Sisemi kwamba alama zile ni takatifu. Kila mtu wa machimbo anajua kwamba alama inaweza kuuzwa kama karanga. Tena mwezi wa nne 2024 M23 waliposhika Rubaya, kule Masisi, wajuzi wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kodi ya koltani iliwaletea kama dola 800,000 kila mwezi. Kipande cha plastiki hakizuii jeshi. Lakini kati ya gunia lisilo na jina na gunia lenye jina, mimi nachagua lenye jina.

FILME

Mimi napenda filme, siwezi kuficha. Mbili zinazohusu kwetu kila kijana angezitazama. Moja ni ya Mdenmark, Frank Piasecki Poulsen, ya mwaka 2010, inayoitwa Blood in the Mobile. Jamaa huyo alikwenda Bisie, Walikale, akashuka ndani ya shimo la kasiterite, halafu akarudi kuwauliza wakubwa wa Nokia. Kwa maoni yangu anajionyesha mno yeye mwenyewe, lakini picha za ndani ya shimo ni za kweli. Ya pili ni ya Thierry Michel pamoja na Colette Braeckman, ya 2015, juu ya Dokta Mukwege. Serikali ya Kinshasa iliikataza mwezi wa tisa 2015, kisha ikairuhusu. Kwa vijana, filme iliyokatazwa ndiyo inayotafutwa, kwa hiyo serikali ilifanya kazi nzuri ya kuitangaza.

Ya tatu mnaijua: Yesu, ya mwaka 1979, iliyofuata Injili ya Luka. Imetafsiriwa katika luga zaidi ya 2,000. Kwa vijiji vingi ndiyo filme ya kwanza watu waliyoona, shuka nyeupe kati ya miti miwili, jeneratere ikipiga kelele nyuma. Mimi kama fundi nilijifunza jambo pale: watu walilia wakati wa msalaba kwa sababu Yesu alisema luga yao. Mashini ilikuwa ileile ya kuonyesha Rambo.

Sasa niseme lile ambalo wazazi hawataki kusikia. Wanakataza Rambo, lakini wanakaa jioni nzima na watoto mbele ya zile filme za wachawi, kwa kuwa mwishoni pasta anashinda na kuna sala. Kwangu mimi hizo ni mbaya zaidi. Mtoto anayetazama Rambo anajua ni mchezo. Anayetazama mtoto mwenzake akigeuka ndoki anaamini, na mama anaamini pia. Kesho baba akipoteza kazi kwenye shimo, macho yote yanamgeukia mtoto wa kambo anayekojoa kitandani. Sheria yetu ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, ya kulinda watoto, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na adhabu yake ni kifungo. Ni wangapi katika shirika lenu wanaijua?

MICHEZO

Tarehe 7 mwezi wa tisa 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza Carlo Acutis kuwa mtakatifu. Kijana huyo alizaliwa London mwaka 1991, akaishi Italia, akafa kwa kansa ya damu mwaka 2006, akiwa na miaka 15. Aliandika programu za ordinatere na kutengeneza maonyesho ya miujiza ya Ekaristi kwenye intaneti. Na alikuwa na PlayStation! Vijana wananishangilia wanapoyasikia hayo, lakini nangoja kidogo, halafu nawaambia sehemu ya pili: alijipa saa moja tu ya kucheza kwa juma. Hapo wananyamaza. Basi ndiyo jibu kwa yule mama: mchezo wenyewe si dhambi, na huyu mtakatifu ni shahidi. Lakini mutoto wako, mama, saa moja yake imekwisha tangu siku ya kwanza asubuhi.

Tena kuna feza. Mahali pa kuchezea mtu analipa kwa dakika, na feza ile inatoka mahali. Mara nyingi inatoka katika feza ya masomo, ambayo mama twangezi wa Kamituga ameipata kwa kutwanga mawe tangu jua linapotoka. Kijana, ukishika maneti, angalia kwanza mikono ya mama yako.

Michezo ya kupiga bunduki naiweka mbali. Sifuati wale wanaosema kila anayecheza atakuwa muuaji, maana Wajapani wanacheza sana na mitaa yao ni kimya. Sababu yangu ni ya hapa. Mji huu ulisikia risasi za kweli mwaka 1996, tena 1998, tena 2004, tena mwezi wa pili 2025. Kuna watoto ambao wakisikia mlio ule kwenye tele ya jirani wanaingia chini ya kitanda. Mkubwa anayecheza mchezo huo sauti juu, nyumba za mbao zimegusana, anacheza na usingizi wa mtoto wa wengine. Cheza mpira. Mpira unatosha.

Mwaka 2011 Mtaliano mmoja, kwa jina la Molleindustria, alitengeneza mchezo mdogo wa telefone, Phone Story. Ndani yake mchezaji anasimama na bunduki juu ya watoto wanaochimba koltani Kongo, akiwasukuma wasipumzike. Baadaye unakwenda kiwandani China, dukani, na mwisho jalalani Pakistani, kunakovunjwa telefone zilizokufa. Apple iliuondoa dukani kwake mara tu ulipotoka. Niliwaeleza vijana wetu wawili juu yake. Mmoja alicheka. Wa pili, ambaye kaka yake iko Numbi, aliuliza kama ndani ya mchezo watoto wale wana majina. Hawana.

KAZI YA MKONO

Banki zilipofunga milango hapa mjini mwaka 2025, telefone ndiyo iliyokuwa banki, na waliojua kuitengeneza walikula. Kwa hiyo wazazi, mtoto anayependa kufungua vitu msimpige haraka. Mpeni redio iliyokufa aifungue. Kwanza ajifunze kusoma rangi za rezistansi na kushika chuma cha kusudia bila kujichoma.

Na telefone ya zamani isitupwe jalalani wala kuchomwa pamoja na takataka, hata kama betri imevimba. Betri iliyovimba usiitoboe. Iweke ndani ya kopo la mchanga mkavu, mbali na jikoni na watoto. Kadi zenye afya ziwekeni kando: kondensateri za tantali kutoka telefone zilizokufa zimefufua redio tatu kwa meza yangu mwaka huu.