Nduthi Yako Imekataa Mlima? Kabla Fundi Akuoshe Ngiri Nane, Anza na Hizi Vitu za Bure

Kuna aibu moja ya watu wa nduthi ambayo ni ngumu kuelezea mtu. Umebeba mathe na mbuzi yake, uko katikati ya mlima, umefungua mafuta mpaka mwisho, lakini nduthi inalia tu na haisongi. Unashuka gia ya pili. Unashuka ya kwanza. Mwishowe unageuka na sauti ya upole: "Mathe, samahani, shuka kidogo hapa tusukume."

Hiyo ilimpata bro yangu akitoka Oltepesi akipanda Kona Baridi. Mathe alikuwa anakimbizia mbuzi soko ya Kiserian, akashuka, akamvuta mbuzi wake kwa kamba na hakulipa hata ashu. Na alikuwa na haki.

Lakini ngori yenyewe ilikuwa nyumbani. Nduthi ilikuwa ya mkopo wa kulipa kila siku. Siku ukikosa, deni inapanda. Ukikosa sana, wanakuja kuichukua. Bro akaipeleka kwa fundi, fundi akaipiga kiki mara mbili, akatingisha kichwa kama daktari wa sinema: "Pistoni imeisha hii. Leta ngiri nane." Hiyo ngiri nane ilikuwa pesa ya mkopo. Tukatoa. Mimi nilikuwa nimeacha chuo, niko tu keja, kwa hivyo mimi ndio nilitumwa spea.

Pistoni mpya ikaingia. Wiki moja baadaye, mlima ule ule, aibu ile ile.

Ntakuambia shida ilikuwa wapi, na ukisikia bei yake utataka kulia. Lakini kwanza nikuchanue venye unafaa kutafuta shida ya nguvu, ukianza na ya bure ukimalizia na ya pesa. Fundi wa kuosha watu huanza upande ule mwingine.

Kwanza, una uhakika ni enjini?

Mara mob enjini iko sawa kabisa, lakini kuna kitu imeishikilia. Simamisha nduthi kwa stendi ya katikati, weka neutro, zungusha gurudumu la nyuma na mkono. Inafaa kuzunguka huru. Ikisimama haraka ama ukisikia inakwaruza, breki inashika. Hapo unabeba mzigo ambao hauonekani siku nzima. Legeza ile nati ya breki kidogo mpaka pedo iwe na mchezo kabla ishike. Gurudumu la mbele pia, lifanyie hivyo hivyo. Ukitoka safari na ukute habu moja ni moto sana kuliko nyingine, hiyo ndio mwizi wako wa nguvu.

Cheki upepo wa tairi. Cheki cheni: iwe na mchezo wa kama sentimita 2 hadi 3 katikati. Cheni kavu imekazwa kama kamba ya gitaa inakula nguvu na inakula beringi.

Halafu klachi. Hii ndio hudanganya watu sana. Ukifungua mafuta kwa mlima, enjini inapanda sauti lakini spidi haipandi? Hapo enjini ina nguvu, ni klachi inateleza. Angalia leva ya klachi: kwa ncha yake iwe na mchezo wa kama sentimita 1 hadi 2 kabla ianze kuvuta. Kama haina mchezo hata kidogo, kebo imekaza na klachi haijawahi kushika vizuri. Izungushie tu pale kwa adjasta.

Na oili je? Klachi ya nduthi nyingi inaogelea ndani ya oili ya enjini. Oili zingine za gari zimewekwa dawa ya kufanya vitu viteleze vizuri, na klachi ikilowa hiyo dawa, inateleza pia. Angalia kwa mkebe kama imeandikwa JASO MA ama MA2. Hiyo ni ya nduthi. Kama msee wa duka anakupimia oili kutoka kwa ndoo haina jina, wewe jua unacheza kamari.

Enjini inataka vitu nne tu

Kama hizo zote ziko poa, sasa ingia kwa enjini. Usiogope. Enjini ya petroli inataka hewa, mafuta, cheche, na kubana. Hewa na petroli zinaingia, pistoni inabana huo mchanganyiko, plagi inawasha, nguvu inatoka. Nguvu ikipotea, moja kati ya hizo nne imepungua. Hakuna uchawi hapo.

Hewa

Fungua kifuniko cha upande, toa chujio la hewa. Ukiishi mahali pa vumbi, utalia. Chujio likiziba, enjini inavuta petroli nyingi na hewa kidogo, moshi unatoka mweusi, mafuta yanaisha haraka na nguvu hakuna.

Kama ni la sponji, lioshe na maji ya vuguvugu na sabuni, likamue bila kulisokota, lianike likauke kabisa, lipake oili kidogo, kamua tena, rudisha. Usilioshe na petroli: inaharibu sponji, na petroli karibu na enjini moto si mchezo. Kama ni la karatasi, haliogi. Likichafuka sana nunua lingine.

Na kuna wale wasee hutoa chujio kabisa ati nduthi ipumue. Buda, hapo unalisha enjini mchanga. Ukikaa hivyo, hiyo pistoni fundi alikuwa anakudanganya imeisha, itaisha kweli.

Mafuta

Sasa tumefika kwa kaburi ya ngiri nane yetu.

Baada ya pistoni mpya kukataa, bro alikuwa amekosa malipo siku kadhaa. Nduthi ikachukuliwa. Chama ya steji ikachanga ikatolewa, na mmoja wao akasema tuipeleke kwa mzee fulani anatengeneza chini ya mti. Mzee hakuguza spana. Akauliza maswali matatu: inapoteza nguvu ikianza ama baada ya muda? Ukipumzika inarudi? Siku hiyo ulikuwa umeweka mafuta ya ngapi?

Jibu: baada ya kama dakika 10 za mlima. Ndiyo, ukipumzika inarudi. Na siku hiyo tangi ilikuwa imejazwa.

Mzee akasema, "Endesheni mpaka izime, halafu mfungue tu kifuniko cha tangi." Tukaenda. Ikaanza kuchoka. Bro akafungua kifuniko, tukasikia tangi inavuta pumzi: fsssss. Akapiga kiki, nduthi ikapanda mlima kama imeona mlo.

Iko hivi. Kwa kifuniko cha tangi kuna katundu kadogo ka hewa. Petroli ikishuka kwa kabureta, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Hako katundu kakiziba na vumbi, ndani ya tangi kunakuwa na mvuto unaoshikilia petroli isishuke. Ni kama kunyonya soda kwa chupa bila kuachilia mdomo. Kwa mlima enjini inataka mafuta mob, na hayaji. Ukipumzika, hewa inapenya pole pole, nguvu inarudi.

Mbona mtaani hatukugundua? Kwa sababu watu wa boda huweka mafuta ya soo moja, soo mbili. Kifuniko kinafunguliwa kila saa, hewa inaingia, shida inajificha. Siku ya tangi kujaa na safari ndefu ndio ukweli unatoka.

Dawa ilikuwa pini na kupuliza na mdomo. Mzee alikataa pesa, akakubali chai.

Kama kifuniko kiko sawa, endelea chini. Zima, ngoja enjini ipoe, sigara mbali, funga koki, chomoa paipu ya mafuta pale kwa kabureta na uelekeze kwa chupa. Fungua koki. Kama koki yako ni ile ya kawaida ya mkono, mafuta yanafaa kushuka mfululizo. Yakidondoka kama machozi, kuna uchafu kwa koki, kwa chujio la mafuta ama ndani ya tangi.

Fungua pia ile skurubu ya chini ya bakuli la kabureta, kinga kidogo kwa chupa nyeupe. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hivyo utayaona yamekaa chini. Kama kuna uchafu, kabureta inataka kuoshwa. Tundu za jeti ni ndogo sana: zipulizwe na hewa, zisichokorwe na waya. Waya ukipanua tundu, umebadilisha kipimo milele.

Na petroli yenyewe? Kuchanganya na mafuta taa kulikuwa kumezidi mpaka mwaka 2018 serikali ikaongeza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa, ili bei ikaribiane na watu waache huo mchezo. Petroli ikichanganywa hivyo, enjini inagonga kama inatafuna mawe ukivuta mzigo, na nguvu inashuka. Kama shida ilianza punde tu baada ya kununua kwa chupa kando ya barabara, unajua pa kuanzia.

Cheche

Toa plagi enjini ikiwa imepoa, uisome. Ncha ikiwa rangi ya kahawia nyepesi, mambo ni shwari. Nyeusi kavu kama masizi: petroli nyingi ama chujio la hewa limeziba. Nyeusi na imelowa oili: kuna oili inapanda ndani. Nyeupe kama chaki: enjini inapata moto sana, mara nyingi kwa sababu petroli haitoshi ama kuna mahali hewa inapenyea.

Plagi mpya si bei, na ni ya kwanza kubadilisha kabla hujavunja enjini. Hakikisha ni namba inayotakiwa na nduthi yako. Angalia pia kofia ya plagi na waya wake. Usiku, kwa giza, ukiona cheche zinaruka nje ya waya, umepata mgonjwa. Usiguze, inapiga.

Kama nduthi yako ni mpya ya injekta, haina kabureta. Cheki kama taa ya enjini imewaka kwa dashi, na hapo tafuta mtu ana mashine ya kuisoma.

Kubana, ya mwisho kabisa

Hapa ndipo pesa iko, ndio maana inakuja mwisho. Lakini hata hapa kuna ya rahisi kwanza: tepeti. Gapu ya valvu ikiwa ndogo sana, valvu haifungi vizuri enjini ikipata moto, na kubana kunavuja. Dalili: asubuhi inawaka vizuri, ikipata moto inakosa nguvu na kuwaka ni vita. Kupima ni kazi ya muda mfupi kwa fundi ana geji, na hupimwa enjini ikiwa baridi, kwa kipimo cha kitabu cha hiyo nduthi. Akitaka kupima ikiwa moto, na kwa macho, chukua nduthi yako uhepe.

Kama bado, mwambie apime kubana na geji, mafuta yakiwa yamefunguliwa mpaka mwisho. Ikisoma chini, aweke oili kijiko kimoja kwa tundu la plagi apime tena. Ikipanda, ringi na silinda ndio zimeisha, kwa sababu oili imeziba hiyo nafasi kwa muda. Isipopanda, tafuta kwa valvu. Moshi wa bluu ukivuta mzigo pia ni ushahidi wa ringi.

Hapo ndipo mtu anaruhusiwa kukuambia neno pistoni.

Na kama umetoka Mombasa na nduthi

Usishtuke. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huku imepungua karibu sehemu moja kwa tano. Enjini inapumua hiyo hiyo. Nduthi ya kabureta ilikuwa inaruka kule Coast, huku itakuwa mzembe kidogo na plagi inaweza kuwa nyeusi. Jeti zinaweza kurekebishwa, lakini si ugonjwa.

Bro bado analipa. Mkopo uliongezeka kwa sababu ya zile siku, na ile chama ya steji tuliirudishia miezi miwili. Pistoni ya zamani tulibaki nayo. Iko juu ya kabati, haina hata mkwaruzo, na kila mgeni akiuliza ni nini, bro anasema, "Hiyo ni karo ya shule."

Kwa hivyo fundi akikuambia ngiri nane, muulize swali moja tu kabla utoe simu: umepima na nini? Akikosa jibu, fungua kifuniko cha tangi kwanza.