Picha ya Kitambulisho Inapokwama: Hesabu ya Kasi ya Mtandao

Mwananchi anayeomba basari au leseni ya biashara kwa njia ya mtandao anaweza kujaza fomu yote bila shida, kisha picha ya kitambulisho ikakwama njiani. Atalaumu simu, atamlaumu mwenye saiba, na siku ya mwisho ya kutuma maombi itampita. Mara nyingi tatizo ni la hesabu, na hesabu hiyo huonekana vizuri zaidi tukirudi kwenye modemu za simu ya mezani.

Modemu hizo ziligeuza data kuwa sauti ili ipite kwenye nyaya za shaba zilizotandazwa kwa ajili ya mazungumzo. Ule mlio wa kukwaruza, ambao wengine wetu tunaukumbuka, ulikuwa wa mashine mbili zikipatana kasi. Modemu za V.90, za mwaka 1998, zilitangazwa kuwa za kilobiti 56 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya kupokea, tena kwenye laini safi. Waya ukiwa mrefu au wenye kelele, kasi ilishuka. Kutuma hakukuzidi kilobiti 33.6.

Angalia neno "kilobiti". Kasi ya mtandao hupimwa kwa biti, faili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo kilobiti 56 ni kilobaiti 7 tu. Picha ya megabaiti 4, kama zinazopigwa na simu za leo, ingechukua karibu dakika 10 kuipokea na takriban dakika 16 kuituma, huku bili ya simu ikipanda.

Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS, zilizofika Mombasa mwaka 2009, zilitupunguzia utegemezi wa setilaiti. Hata hivyo, kwenye mitandao mingi ya simu kutuma bado ni polepole kuliko kupokea, na mnara mmoja hugawiwa wote walio karibu nao. Video inaweza kucheza vizuri na kiambatisho chako kisifike.

Kabla ya kutuma, punguza ukubwa wa picha. Kilobaiti 300 kwa kawaida zinatosha maandishi ya kitambulisho kusomeka; hata modemu ile ya zamani ingezituma kwa dakika moja na sekunde chache. Jaribu alfajiri, kabla watu hawajajaa mtandaoni, na usifunge ukurasa kabla ya kupata nambari ya ombi lako.