Vimbweta na Vyumba vya Bweni

Vyuo vya Tanzania vilipofunguliwa tena tarehe 1 Juni 2020, baada ya kufungwa tangu Machi, wanafunzi walirejea na kiu ya kuonana. Ndoo za maji tiririka zilisimama milangoni. Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, ilikuwa hewani. Mwenye virusi vya korona huweza kuwaambukiza wenzake takriban siku mbili kabla hajaanza kukohoa, na vijana wengi hawaugui sana. Kwa hiyo kumwepuka anayekohoa tu hakukutosha.

Kumkataza kijana asionane na wenzake ni kumtwisha upweke, nao una madhara yake. Afadhali kuchagua mahali. Vimbweta, yale mabenchi ya saruji chini ya miti, vilikuwa salama kuliko chumba cha bweni chenye vitanda vya ghorofa na madirisha yaliyofungwa kwa kuogopa mbu, ilhali chandarua kingetosha dirisha libaki wazi usiku kucha. Aliyekuwa akijiandaa kurudi nyumbani kwa bibi mwenye kisukari alihitaji zaidi: kupunguza mikusanyiko siku kadhaa kabla ya safari, na kuvaa barakoa ndani ya basi, hata abiria wa jirani akicheka.