Amri kwa ujumbe wa simu: nani anaruhusiwa kuitoa kazini?

Wengi wetu tuko kwenye makundi ya WhatsApp: la ukoo, la shule, la kikundi cha kuweka akiba. Katika kampuni nyingi siku hizi kazi nazo hufanyika kwenye makundi ya namna hiyo, ila humo kuna mwanachama mmoja ambaye si mtu. Ni programu. Mfanyakazi akiandika amri fupi, tuseme mtambo fulani uzimwe na kuwashwa upya, programu inaisoma, inaitekeleza, kisha inajibu humo humo kwamba imemaliza.

Mtindo huu ulipata umaarufu kupitia kampuni ya Marekani iitwayo GitHub. Mafundi wake walitengeneza programu wakaiita Hubot, na mwaka 2011 wakaitoa kwa umma bure. Faida yake inaonekana wazi: fundi akiamshwa usiku anaandika mstari mmoja tu akiwa kitandani, na wenzake wote wanaona nani kaagiza nini, na saa ngapi.

Lakini kama mtambo unaweza kuzimwa kwa ujumbe mmoja, kuingizwa tu kundini hakutoshi. Kwa kawaida mkuu wa kitengo humwombea mfanyakazi mpya ruhusa, naye anafunguliwa akaunti kwa jina lake mwenyewe. Kisha programu inapangiwa amri zipi izipokee kutoka kwake. Anayehudumia wateja ataweza kuuliza malipo ya mteja yamefikia wapi, ila akijaribu kuzima mtambo atakataliwa. Amri nzito huweza kusubiri mtu wa pili akubali. Akiacha kazi, akaunti inafungwa siku hiyo hiyo. Au tuseme inapaswa kufungwa, maana hapo ndipo waajiri wengi husahau.

Ulinzi huo wote unaweza kuvunjwa kwa kidole kimoja. Septemba 2022, mdukuzi alipata nenosiri la mfanyakazi wa mkataba aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya Uber. Kila alipojaribu kuingia, simu ya mwenye akaunti iliuliza kama anakubali. Mwanzoni hilo lilimzuia mdukuzi. Maombi yakazidi kuja, na mwishowe mwenye simu akabonyeza kukubali. Mdukuzi akaingia kwenye mifumo kadhaa ya ndani, hata akaandika ujumbe kwenye kundi la kampuni nzima katika Slack.

Msikilizaji anayetumia pesa kwa simu anaijua mbinu hii. Ni ndugu wa yule anayekupigia akidai anatoka huduma kwa wateja, huku akitaka namba yako ya siri.

Basi wewe au mwanao akipata kazi yenye mfumo kama huu, adai akaunti yake mwenyewe. Mwenzake akimwambia "niazime yako dakika mbili", akatae, hata kama ni rafiki. Kila amri huhifadhiwa pamoja na jina la mwenye akaunti, na mtambo ukiharibika ataulizwa yeye. Simu ikimtaka akubali kuingia wakati hajajaribu kuingia popote, akatae na abadilishe nenosiri mara moja. Kisha awapigie mafundi wa kampuni kwa namba aliyopewa siku ya kwanza ya kazi, si ile iliyompigia.