Wadhamini wa Sherehe ya Watoto: Kweli au Si Kweli?

Kila Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika hutukumbusha wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 walipokuwa wakiandamana kudai elimu bora. Mitaa na kata nyingi za Tanzania huiadhimisha kwa ngonjera, michezo na chakula cha pamoja. Kamati zikianza kutafuta wadhamini, maneno huwa mengi. Tuyapime.

"Kama hujuani na mkubwa wa kampuni, usijisumbue."
SI KWELI. Kujuana hufungua mlango, lakini karatasi ndizo zinazopitisha ombi. Barua ipitie ofisi ya serikali ya mtaa na kugongwa muhuri, iwe na jina na simu ya mtu wa kuulizwa, na itaje akaunti ya benki yenye jina la kikundi, si ya mwenyekiti. Anzeni na majirani: tawi la benki, duka la jumla, kiwanda cha maji.

"Udhamini ni fedha taslimu."
SI KWELI. Kampuni nyingi hutoa bidhaa kwa wepesi kuliko hundi. Vunjeni bajeti vipande vipande: "maji ya kunywa, katoni 20", "viti 200 na maturubai 4 kwa siku moja", "madaftari ya zawadi". Mwenye duka akiona mstari unaomfaa, hujibu. Akiona jumla kubwa isiyo na mchanganuo, huiweka barua kando.

"Kampuni hutoa kwa huruma tu."
SI KWELI. Barua yenu huenda ikaishia idara ya masoko, na huko wataulizia idadi ya wazazi watakaofika na mahali jina la kampuni litakapoonekana. Jibuni kwa ukweli. Msiwaahidi nafuu ya kodi msiyo na uhakika nayo: Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 huruhusu michango ya hisani ipunguzwe kwenye mapato yanayotozwa kodi, kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 ya mapato ya biashara, na si kila kikundi cha mtaa kinatambuliwa kuwa taasisi ya hisani.

"Ukiomba mapema mno, watakusahau."
SI KWELI. Barua ya Mei kwa shughuli ya Juni mara nyingi hukuta fungu limekwisha kugawiwa. Ipelekeni Januari au Februari, mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, kisha mfuatilie kwa simu na kwa miguu.

"Mdhamini ni mdhamini, mradi analipa."
SI KWELI, na hapa kamati zisilegeze kamba. Tanzania iliridhia mwaka 2007 mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, unaotaka udhamini wa kampuni za sigara upigwe marufuku. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 inakataza kutangaza maziwa mbadala ya maziwa ya mama kwa umma. Mwaka 2010 shirika hilohilo lilipendekeza kwamba mahali wanapokusanyika watoto pasiwe na matangazo ya vyakula na vinywaji vyenye sukari, chumvi au mafuta mengi. Pombe na kubeti havina hata haja ya mjadala. Mtoto wa miaka saba akivaa fulana yenye nembo, ameshakuwa bango linalotembea. Afadhali sherehe ndogo yenye maji na machungwa.

"Aliyelipa ana haki ya kutumia picha za watoto apendavyo."
SI KWELI. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Pateni ridhaa ya mzazi kwa maandishi kabla ya siku yenyewe, na mkubaliane na kampuni picha zitatumika wapi.

"Mdhamini wa mwakani hupatikana mwaka huu."
KWELI. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sherehe ikiisha, pelekeni mapema barua ya shukrani, nakala za risiti, na maelezo ya kila shilingi na kila katoni, hata kilichobaki.

Wanakamati, ombeni bila woga na bila kujidhalilisha, maana mnachoomba ni haki ya watoto ya kucheza na kufurahi. Kampuni ikiweka sharti linalomgeuza mtoto kuwa bidhaa, ishukuruni, mwende mlango wa pili.